Kwa Zuhura, Anayekwenda Kuvua Samoni

Zuhura mwanangu,

Mafuta ya gari umejaza, tairi umezipima upepo mara mbili, na mama mkubwa wako kule Michigan anajua utafika keshokutwa jioni. Mambo hayo siyaandiki. Habari ya kula vizuri pia siiandiki, maana nimekufungia chapati za kukufikisha Kanada, na Kanada huendi. Wewe uko Garland unaagana na wenzako, nyumba imetulia, nami nimeketi jikoni na kalamu ya kazini, ile ya bluu ambayo kila muuguzi pale kwenye nyumba ya wazee anadai ni yake. Barua nitaiweka juu ya mto wako. Nikikueleza haya kwa mdomo nitafika sentensi ya pili nianze kukusema kuhusu viatu.

Nianze na lile ambalo watu huliweka mwisho. Nimefarijika kwamba unaondoka.

Usinune. Sijakuchoka, ingawa bafu nitalifurahia. Nasema hivyo kwa sababu miezi michache iliyopita nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote usiende, na leo nimeosha vyombo huku naimba. Nataka ujue nilitokaje kule nikafika huku, maana njiani nilikosea mengi, na mengine uliyaona ukanyamaza kwa heshima.

Unajua kwamba bibi yako alikuwa na boti mbili za dagaa pale Kigoma. Ile picha yake unaijua, amesimama mwaloni, pale boti zinapofikia, mkono kiunoni, boti ziko nyuma yake. Ambalo sijakueleza vizuri ni kwamba hakuwahi kuketi ndani ya boti zile hata siku moja. Alizinunua, alichagua rangi, alipanga nani aende na nani abaki, na asubuhi akitazama tu boti zinavyorudi alijua kama zina kitu. Lakini mwanamke kuingia kwenye boti ya uvuvi ulikuwa mwiko, na yeye mwenye mali ndiye aliyeulinda kuliko wanaume. Nilimuuliza siku moja kama hatamani hata kuonja. Akaniambia, “Nikiingia na samaki wakakosekana, nitamlaumu nani?”

Halafu kuna mjomba wako Rajabu, mdogo wangu, ambaye humjui zaidi ya jina. Alikwenda kuoga ziwani na watoto wenzake kabla hajaanza shule, wenzake wakarudi bila yeye. Siku hiyo siwezi kuiandika hapa. Baada yake bibi yako alitukataza maji kabisa. Watoto wa majirani walicheza humo mchana kutwa, na mimi nilisimama na ndoo maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu, nachota, narudi. Nimekulia kando ya ziwa ambalo siku za ukungu ng'ambo yake huioni, na sikujua kuelea. Nilipokuja Marekani nilikuja na marufuku ile ile, nikakupa wewe.

Pale Houston, shule yenu ilipowapeleka watoto kujifunza kuogelea, niliwaambia walimu masikio yako yanauma. Miaka yote uliyosoma, masikio yalikuuma msimu wa kuogelea tu. Wewe, ambaye unasikia pakiti ya karanga ikifunguliwa ukiwa chumba cha pili. Tumelicheka hilo vya kutosha, ila wakati nalisema sikuwa nacheka. Niliamini kabisa kwamba mtoto asiyegusa maji, maji nayo hayatamgusa.

Maji hayakuwa na habari na imani yangu. Agosti ya 2017 yalikuja yenyewe mpaka mlangoni kwetu. Baba yako alikuwa upande mwingine wa mji na mkewe, barabara zimekatika, simu yake inaita tu. Tulikuwa wawili, mimi na wewe. Unakumbuka nilichofanya kwanza? Nilifunga mlango kwa funguo. Kisha nikapandisha gunia la mchele juu ya kabati, na pasi za kusafiria nikaziacha kwenye droo ya chini. Wewe ndiye uliyeziokoa zikiwa zimelowa, ukazitia kwenye begi la shule huku unasema, “Mama, the rice? Seriously?” Najitetea kwamba gunia lilikuwa halijafunguliwa.

Maji yalipokaribia kiunoni akaja yule bwana mwenye boti ya kuvulia samaki, boti ya alumini yenye mashine ndogo nyuma, anapita mitaani kukusanya watu. Jina lake hatulijui mpaka leo. Kabla ya kutupakia alituuliza kama tunajua kuogelea. Nikasema hapana. Ukasema hapana. Akatutazama kidogo, akavua jaketi okozi lake mwenyewe akakuvalisha wewe, akatuambia tukae katikati tusisimame. Mimi nilifumba macho njia nzima nikisoma kila dua niliyowahi kufundishwa. Wewe nilikusikia unamuuliza kwa nini anapunguza mwendo kwenye kona, na mashine ikikwama anafanyaje, naye anakujibu kama mwalimu aliyempata mwanafunzi.

Hapo ndipo tulipoachana njia. Mimi nilishuka kwenye boti ile nikiwa na uhakika kwamba nilikuwa sahihi toka mwanzo, maji ni adui. Wewe ulishuka na aibu ya lile neno hapana. Tulipohamia huku Grand Prairie, makochi yenyewe hatujapata, ukaniomba ujifunze kuogelea. Nikakujibu, “Tumetoka majini juzi, unataka kurudi kufuata nini?” Ukaingia chumbani kwako. Wewe ukikasirika hubamizi mlango, unaufunga taratibu mno, na mimi huo ndio unaoniumiza.

Majira ya joto yaliyofuata dada yangu Asha akatualika Michigan, na bila kuniuliza akakodi boti ya kuvua samoni kwenye ziwa la kule. Nilimwambia mimi boti sipandi. “Mara ya mwisho ulipandishwa na mafuriko,” akasema, “safari hii utapanda umevaa vizuri.” Unajua alivyo mama mkubwa wako. Nilivaa vizuri.

Nilichokikuta bandarini sikukitegemea. Kapteni alikuwa mwanamke. Lorna, nywele nyeupe, mikono imejaa mikwaruzo ya ndoano, maneno machache. Nikamuuliza boti ni ya nani, akasema ni yake. Nikamtazama akiingia ndani ya chombo chake mwenyewe, akakaa kwenye usukani bila kumtazama mtu usoni kuomba ruhusa, na nikamkumbuka mama yangu. Nikaziba mdomo kwa ushungi. Ninyi mlidhani ni kichefuchefu, mkanipa tangawizi.

Uvuvi wa kule wewe sasa unaujua kuliko mimi, lakini niache nieleze nilivyouona. Boti haitii nanga wala haisimami. Inakwenda polepole, mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni, na nyuma yake inakokota mishipi mingi, mingine karibu na juu, mingine imeshushwa kwa tufe zito la risasi mpaka kule chini kwenye baridi wanakopenda samoni na trauti. Mwisho wa mshipi pana kibati kinachometameta, samaki akidhani ni kidagaa. Fimbo za kuvulia zimechomekwa pembeni zimepinda, na watu wamekaa wanazitazama. Nami nikakaa, nikasubiri uvuvi uanze. Baada ya muda mrefu nikamuuliza Asha hawa wanaanza saa ngapi, akasema tumeshaanza toka tulipoiacha bandari.

Kisha ikaingia adhuhuri. Asha akanikumbusha kwamba sisi ni wasafiri, tutaiunganisha na alasiri tukirudi nchi kavu. Akanikumbusha pia kwamba aliye chomboni akishindwa kusimama husali ameketi, na chombo kikigeuka hana lawama. Yote hayo nilikuwa nayajua, tulifundishwa pamoja. Lakini nilikuwa naogopa, Zuhura, na mimi nikiogopa huwa napata msimamo. Nikakutuma umwambie kapteni aelekeze boti kaskazini-mashariki, kibla ilipo, na anyooke hapo mpaka nimalize.

Ulitamani ardhi ikumeze, na ardhi yenyewe ilikuwa mbali. “Mama, please, siwezi kumwambia hivyo.” Nikakukazia jicho, ukaenda. Nilikuona unaeleza kwa mikono, kapteni anatazama dira, anatazama upepo, anajikuna shingo. Akageuza. Aligeuza kwa duara kubwa, taratibu, ili mishipi isisokotane, na duara lenyewe likachukua muda mpaka nikaanza kuona haya. Aliponyooka akanionyesha dole gumba.

Nikatandika kanga kati ya sanduku la barafu na kiti. Rakaa ya kwanza nikaimaliza salama. Ya pili, nikiwa kwenye sijda, fimbo iliyokuwa juu ya kichwa changu ikafyatuka, na rili, kile kigurudumu cha mshipi, ikaanza kulia mshipi unavyotoka. Asha akapiga yowe. Kapteni hakuweza kuacha usukani wala kuzima mashine, kwa sababu boti ikisimama mishipi mingine yote inazama na kufungana, akawa anaita mtu yeyote aishike ile fimbo. Asha alikuwa amekumbatia nguzo kwa mikono miwili. Ukabaki wewe, na mimi katikati ya njia, paji la uso chini.

Ulinivuka. Nilihisi kiatu chako kikipita juu ya mgongo wangu. Mtoto kumvuka mama yake, tena akiwa kwenye sala, kwetu ni jambo la kuitiwa wazee. Sijda ile niliirefusha kuliko zote nilizowahi kusujudu, kwa sababu sikujua nikiinuka nitakuta nini, nikawa nasikia tu. Kapteni anakuambia mwache akimbie, usimvute. Sasa zungusha. Mwache tena. Na sauti yako inajibu okay, okay, chini chini, bila kutetemeka.

Nikatoa salamu upande wa kulia, nikamwona Asha macho yamemtoka. Nikatoa ya kushoto, nikakuona wewe. Umetanua miguu, fimbo imeegemea tumboni, ushungi umeuchomekea ndani ya jaketi, unayatazama maji. Nimekuzaa, nimekulea, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Hukuwa unanitafuta kwa macho kuuliza kama inafaa. Nilijivunia, na papo hapo nikaogopa zaidi, yote mawili kwa pamoja.

Samoni alikuwa mkubwa, kapteni akampokea kwa wavu wa mkono huku amenyoosha mguu kuushika usukani. Bandarini alipotaka kukitupa kichwa nilimdaka mkono, na tukaondoka na vichwa vya boti tatu maana nilipita kuwaomba na majirani zake. Wewe ulijificha kwenye gari. Supu lakini ulikunywa. Njiani uliniambia, “Mama, sorry nilikuvuka,” nikakujibu yamekwisha. Nilitaka kukuambia kwamba nilikuona. Sikusema, nikazungumza habari ya ndimu za supu.

Kabla hatujaondoka kapteni alikuambia kwamba msimu unaofuata atahitaji msaidizi, Mei mpaka Oktoba, na kwamba mtu ambaye samaki akishika hapigi kelele anamfaa. Akaweka sharti moja. Lazima ujue kuogelea, na umletee karatasi ya mwalimu. Hapo nilifarijika, lakini ilikuwa faraja mbaya. Hukujua kuogelea, kwa hiyo hungekwenda, na mimi sikulazimika hata kusema hapana. Nilirudi Texas moyo mweupe kabisa, nikikuonea huruma ya juu juu.

Wewe ulichukua akiba yako ya kazi ya ghala, ukajiandikisha kwenye bwawa lile lenye paa, na siku moja nikakuta nguo ya kuogelea ya kufunika mwili inaning'inia bafuni inachuruzika maji. Nilijua ni nini na bado nikauliza ni nini. Ukaniambia bila kuzunguka. “Nina-learn, Mama. Masikio yako sawa.” Sikukusemesha siku nzima. Nilipika, nikapakua, nikakuwekea mezani, nikaenda kula chumbani kwangu. Nilikuwa mtoto kuliko wewe.

Mwanzoni sikuja bwawani. Baadaye nikaja, na si kwa wema, nilikuja kukagua. Ndipo nikamkuta mwalimu wako, Furaha, binti wa Kikongo wa Haltom City, mzaliwa wa Baraka, ng'ambo ya ziwa letu lile lile. Nilijua tutasikilizana, mtu wa ziwa ataelewa woga wangu. Akanieleza kwamba yeye aliogelea kabla ya kujua kusoma. Nikakaa kwenye benchi na dera langu, mkoba mapajani, na kila ulipouzamisha uso nikasimama. “Mama, ikala,” Furaha akaniambia siku moja. “Mutoto iko bien. Ni weye unazama, na uko kwa benchi.” Mlicheka wote wawili. Nilinuna, lakini nilikaa.

Sasa nifike kwenye siku ya mtihani, maana yenyewe ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Uliogelea na nguo zako za kawaida, suruali na shati la mikono mirefu, jinsi kapteni alivyotaka, kwa kuwa mtu haanguki ziwani amejiandaa. Ulikwenda na kurudi. Ulielea bila kushika ukuta mpaka Furaha akaridhika. Likabaki la mwisho. Akatupa tofali jeusi la mpira upande wa kina, ukapiga mbizi kulifuata.

Nilikuona unashuka. Nikaona kivuli chako kule chini, na maji ya juu yakatulia. Nikaanza kuhesabu, nikahesabu vibaya, nikarudi mwanzo. Nikamwona Rajabu, ambaye sikuwahi kumwona majini kwa sababu siku ile sikuwepo. Kivuli hakikusogea.

Kilichofuata watu wote wanakijua. Mama Zuhura aliteleza. Wewe mwenyewe umewaeleza hivyo msikitini, na kwa simu mpaka Michigan, kwamba sakafu ilikuwa na maji na sendo za mama zimeisha soli. Nimekuacha useme, kwa sababu yalikuwa maneno ya kunisitiri, na kwa sababu uliyaamini. Sikuteleza, Zuhura. Nilivua miwani nikaiweka juu ya mkoba, nikatembea mpaka ukingoni, nikaruka.

Usiniulize nilifikiri nini. Mwanamke asiyejua kuelea anaruka upande wa kina kumwokoa mtu anayejua. Nimelitazama jambo hilo toka siku ile, na kila nikilitazama naona ndivyo nilivyokulea. Mapenzi yalikuwepo tele, hayo sitaomba radhi. Lakini mara nyingi nilikurukia pale ambapo ulikuwa na shughuli yako chini, unatafuta kitu chako, na ukalazimika kuacha unishughulikie mimi.

Dera lilijaa hewa likanifunika uso, kisha likajaa maji likawa zito. Nikanywa. Nikapiga mikono, sijui juu ni wapi. Kisha mkono ukapita chini ya kwapa langu kutoka nyuma, na sauti yako ikaja sikioni, ile ile ya siku ya samoni. “Mama, usinishike. Lala chali. Nimekushika mimi.” Mwili wote ulitaka kukung'ang'ania shingo. Furaha alikuwa ameshajitosa, lakini akabaki pembeni, akakuachia. Ukarudia, “Lala, Mama. Look at the ceiling.” Nikalala. Sijawahi kukutii maishani, si desturi yetu. Nikalitazama dari lile na taa zake ndefu nyeupe, masikio yangu ndani ya maji, nikahisi miguu yako inapiga chini yangu, na tukawa tunakwenda. Maji yalinibeba. Umri wote huu sikujua kwamba yanaweza.

Ukingoni Furaha alinivuta, wewe ukanisukuma kutoka chini bila adabu yoyote. Nikakaa sakafuni nikalia, mkanifunika mataulo mkidhani ni hofu, au aibu ya dera kunata mwilini. Haikuwa hofu. Nilikuwa nimefarijika. Hakuna kitu utakachokutana nacho kwenye ziwa lile kitakachokuwa kigumu kuliko mimi siku ile, mnene, nimevaa dera, ninapigana nawe, na ulinifikisha. Tofali lilibaki chini. Ulitaka kurudi kulichukua, Furaha akakukataza. “Ile tofali tuache,” akasema. “Ameshatoa kizito zaidi.” Akasaini karatasi ya kapteni hapo hapo, ikalowa pembeni.

Wiki iliyopita tulipokwenda Houston kuagana na baba yako, akaniuliza mbele yako, “Mama Zuhura, umemruhusu mtoto wa kike akafanye kazi kwenye boti?” Nikamwambia bibi yake alikuwa na boti mbili. Wewe ukanitazama kwa jicho la pembeni, maana ulijua nimebakiza nusu ya habari. Kwa baba yako nusu inatosha.

Mawaidha sina mengi. Kule utaogopa siku moja, maji yale ni makubwa na upepo hubadilika. Ubishi wangu umeurithi, nimeuona, kwa hiyo siku ukijikuta una msimamo mkali kupita kiasi, jiulize kama si woga. Mimi niligeuza boti ya watu kwa sababu hiyo. Kapteni akikuambia punguza, punguza. Ukikosa, mwambie siku ile ile, usingoje kama mimi niliyengoja mpaka leo kukuambia kwamba nilikuona na ile fimbo, na kwamba ulikuwa mzuri kumtazama. Sala utasali unavyoweza, Mungu anajua kwamba boti inageuka.

Nitakukosa. Hilo silizungushi. Nitapika kwa mazoea nimwage nusu, nitaita jina lako nikitafuta rimoti. Lakini ni kukosa kwa kawaida, kwa mama yeyote ambaye mwanawe yuko kazini kwake, na si kile kitu nilichokibeba kifuani miaka yote nikidhani ni malezi. Kile sikihisi tena. Nimekitafuta wiki hii yote, nikifua nguo zako, nikikunja chapati zile kwenye karatasi ya alumini, nikitegemea kitanirukia. Hakijaja.

Jambo la mwisho. Toka umeanza kutoka peke yako, hujawahi kurudi ukanikuta nimelala. Ulipokuwa zamu ya usiku ghalani nilikaa sebuleni najifanya natazama televisheni, na ulijua najifanya, ukawa unaniambia “goodnight, Mama” kana kwamba ni bahati tu. Leo utachelewa kutoka Garland, nakujua, na utakuta taa zote zimezimwa. Usidhani nimekasirika, wala usije kunigusa paji la uso kuona kama ninaumwa. Nimelala. Na asubuhi ukiona sijatoka, ugonge mlango wangu kwa nguvu, nisije nikapitiwa ukaondoka sijakuona.

Mama yako